Kompyuta kuukuu inapolemewa: Namna ya kuiongezea kumbukumbu bila kupoteza nauli

MJINI Usenge, katika Kaunti ya Siaya, ambako barabara itokayo Bondo hukutana na maji ya Ziwa Victoria, mbuta, ngege na omena wangali nguzo ya uchumi. Hata hivyo, siku hizi mvuvi na mchuuzi hawawezi kukwepa kompyuta. Anayetaka kuwasilisha ripoti ya ushuru, kuomba mkopo wa masomo au kutafuta huduma za serikali kupitia mfumo wa eCitizen, ulioanza mwaka 2014, aghalabu huishia kwenye saiba ya mtaani. Vikundi vya usimamizi wa fuo, vilivyowekewa kanuni rasmi mwaka 2007, vinatakiwa kutunza kumbukumbu za vyombo na za samaki wanaovuliwa. Nao wanafunzi waliochagua somo la kompyuta hufanya sehemu ya mtihani wao wa kidato cha nne wakiwa mbele ya mashine, si kwa kalamu na karatasi pekee.

Nyingi ya mashine hizo ni za mezani, na si mpya. Ni mitumba iliyotumika kwanza katika ofisi za Ulaya na Marekani kabla ya kuvuka bahari. Nyingine zilipitia mikononi mwa mashirika kama Computers for Schools Kenya, ambalo tangu mwaka 2002 limekuwa likikarabati kompyuta zilizotumika na kuzisambaza shuleni. Mashine ya aina hiyo hufanya kazi kwa miaka mingi, lakini hufika siku ikaanza kusuasua. Ukurasa mmoja wa mtandao hufunguka kwa dakika nzima, mshale hukwama katikati ya skrini, na mteja aliyelipia muda wake huanza kunung'unika.

Wengi hukata tamaa wakadhani dawa ni kununua mashine nyingine. Ukweli ni kwamba mara nyingi kinachohitajika ni kipande kidogo cha saketi, kisichozidi urefu wa kiganja, kinachoitwa kumbukumbu, au RAM kama wanavyoiita mafundi. Tatizo ni kwamba vipande hivyo vina aina nyingi zinazofanana kwa macho lakini zisizopatana kamwe. Anayetaka chaguo pana la vipuri hulazimika kupanda matatu hadi Kisumu. Akirudi na kipande kisichofaa, atakuwa amepoteza nauli ya kwenda, ya kurudi na ya kwenda tena, mbali na siku nzima ya kazi. Ndiyo maana ujuzi wa kuchagua ni muhimu kuliko hata ujuzi wa kufunga.

Meza na kabati

Kompyuta ina mahali pawili pa kuwekea mambo, na watu wengi huchanganya mahali hapo. Pa kwanza ni diski kuu, ambamo programu, barua na picha huhifadhiwa hata umeme ukizimwa. Pa pili ni kumbukumbu, ambamo huwekwa tu yale yanayoshughulikiwa wakati huo. Umeme ukikatika, yote yaliyomo katika kumbukumbu hupotea.

Diski ni kama kabati na kumbukumbu ni kama meza ya mchuuzi wa samaki ufuoni. Samaki wengi wako ndani ya sanduku la barafu, lakini anaowapima na kuwauza ni wale waliopangwa mezani. Meza ikiwa pana, kazi huenda mbio. Meza ikiwa finyu, kila mteja anapoagiza samaki mwingine, mchuuzi hana budi kuwarudisha baadhi kwenye barafu ili apate nafasi, kisha awatoe tena mteja wa kwanza anaporejea.

Hivyo ndivyo kompyuta inavyofanya kumbukumbu inapojaa. Huchukua sehemu ya yale yaliyomo na kuyaandika kwenye diski kwa muda, kisha huyasoma tena yanapohitajika. Kasoro ni kwamba diski ya kuzunguka ni nzito mno ikilinganishwa na kumbukumbu. Kumbukumbu hujibu kwa muda wa takriban nanosekunde 100, yaani sehemu 100 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Diski ya kuzunguka huhitaji takriban milisekunde 10, ambao ni muda mrefu mara 100,000. Lau kumbukumbu ingejibu kwa sekunde moja, diski ingechukua zaidi ya siku nzima. Ni kama mchuuzi wa Usenge alazimike kuvuka kwa mtumbwi hadi Kisiwa cha Mageta kila anapotafuta chenji ya mteja.

Kumbukumbu za aina hii si jambo geni. Mhandisi Robert Dennard wa kampuni ya IBM alibuni chembe yake ya msingi mwaka 1966 na kupewa hataza mwaka 1968. Chembe hiyo huhifadhi chaji ndogo ya umeme ambayo huvuja upesi, kwa hivyo hulazimika kujazwa upya mara nyingi kila sekunde. Ndiyo sababu kumbukumbu husahau kila kitu umeme unapokatika, na ndiyo sababu karani ambaye hajahifadhi kazi yake hulia taa zinapozimika.

Je, kweli kumbukumbu ndiyo yenye dosari?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mwenye kompyuta anapaswa kuthibitisha kwamba ugonjwa ni huo. Mashine inaweza kuwa nzito kwa sababu ya virusi, diski inayokaribia kufa, au vumbi lililoziba feni hata prosesa ikapata joto jingi na kujipunguzia kasi. Katika mazingira ya ziwani, vijidudu vinavyoinuka juu ya maji kama wingu la moshi na kuvutwa na mwangaza huingia madukani usiku, vikafia ndani ya kasha la kompyuta na kugandamana na vumbi. Kasha ambalo halijafunguliwa kwa miaka linahitaji kusafishwa kwanza.

Uchunguzi wenyewe ni rahisi. Katika Windows, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja, hufunguka dirisha linaloonyesha kazi zinazoendelea na kiasi cha kumbukumbu kinachotumika. Mwenye mashine afungue programu zote anazozitumia kwa kawaida, kisha atazame. Ikiwa kumbukumbu imejaa kwa asilimia 90 au zaidi, na taa ya diski inamulika bila kupumzika, basi meza ni finyu na kuipanua kutaleta nafuu. Ikiwa nusu ya kumbukumbu iko wazi na mashine ingali inasuasua, kuongeza kipande kingine ni kutia maji kwenye mtungi uliojaa. Mkosaji atafutwe kwingine.

Vizazi visivyooana

Ikithibitika kwamba kumbukumbu haitoshi, swali linalofuata ni aina gani inunuliwe. Viwango vya kumbukumbu huwekwa na shirika la kimataifa la JEDEC, na kila baada ya miaka kadhaa hutoka kizazi kipya. Kizazi kimoja hakiingii mahali pa kingine, hata kwa hila.

Kizazi cha zamani ambacho huenda kikapatikana katika mashine za mwishoni mwa miaka ya 1990 ni SDRAM, chenye pini 168 na mapengo mawili kwenye ukingo wake wa chini. Kikafuatwa na DDR, kilichoenea mapema katika miaka ya 2000. Hiki kina pini 184, pengo moja, na hutumia umeme wa volti 2.5.

DDR2 kilianza kuuzwa yapata mwaka 2004. Kina pini 240 na hutumia volti 1.8. DDR3, kilichoingia sokoni mwaka 2007, nacho kina pini 240 lakini hutumia volti 1.5. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Vizazi hivi viwili vina urefu sawa na idadi sawa ya pini, na asiyezoea hawezi kuvitofautisha kwa mbali. Tofauti iko kwenye pengo, ambalo halikuwekwa mahali pamoja. Pengo hilo liliwekwa makusudi ili kipande kisichofaa kikatae kuingia. Anayekilazimisha kwa nguvu huweza kuunguza kipande pamoja na ubao mkuu wa kompyuta.

DDR4, cha mwaka 2014, kina pini 288 na hutumia volti 1.2. DDR5, ambacho kiwango chake kilichapishwa mwaka 2020, pia kina pini 288 lakini volti ni 1.1 na pengo liko kwingine. Vizazi hivi viwili ni nadra kupatikana katika mashine zinazoitwa kuukuu.

Vipande vya vipakatalishi ni vifupi zaidi, na haviingii katika kompyuta za kawaida za mezani hata vikiwa vya kizazi kimoja. Hata hivyo, baadhi ya kompyuta za mezani zenye kasha dogo sana hutumia vipande hivyo vifupi. Kwa hivyo ni heri kufungua kasha na kutazama kuliko kukisia.

Umbo la nje la kompyuta nalo lisimdanganye mtu. Dell OptiPlex 755 na OptiPlex 780 ni ndugu wanaofanana, lakini ya kwanza hutumia DDR2 na ya pili DDR3. Hali ni hiyo hiyo kwa HP Compaq dc7900, inayotumia DDR2, na HP Compaq 8000 Elite, inayotumia DDR3. Anayeingia dukani na kusema tu kwamba anataka kumbukumbu ya Dell hajasema lolote.

Kusoma kibandiko

Karibu kila kipande huwa na kibandiko chenye maandishi yanayowatisha wengi, ilhali maana yake ni nyepesi. Chukua mfano wa kipande kilichoandikwa 2GB PC2-6400. Tarakimu za kwanza ni ukubwa, gigabaiti 2. PC2 ni kizazi, yaani DDR2. Nambari 6400 ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde, megabaiti 6,400. Nambari hiyo ikigawanywa kwa 8 hupatikana kasi ya kipande, ambayo ni 800. Kwa hivyo PC2-6400 na DDR2-800 ni majina mawili ya kitu kimoja. Vivyo hivyo, PC3-10600 ni sawa na DDR3-1333, kwa hesabu ya kukadiria.

Kipande chenye kasi kubwa kuliko inayohitajika kwa kawaida hukubali kufanya kazi kwa kasi ndogo. Vipande viwili vya kasi tofauti vikiwekwa pamoja, vyote hufuata kile cha polepole. Wahenga walinena kwamba kamba hukatikia pembamba, na hapa methali hiyo inatimia neno kwa neno. Hakuna haja ya kulipia kasi ambayo ubao mkuu hauwezi kuitumia.

Herufi L baada ya PC3 huonyesha kipande kinachoweza kutumia volti 1.35. Kipande hicho kwa kawaida hufanya kazi pia katika mashine ya volti 1.5. Kinyume chake si salama kukitegemea: mashine iliyoundwa kwa volti 1.35 pekee isipewe kipande cha volti 1.5.

Mipaka ya mashine

Hata kizazi kikilingana, kila ubao mkuu una mipaka yake: idadi ya sloti, yaani mifereji ya kupachikia vipande, ukubwa wa juu wa kila kipande na jumla isiyoweza kupitwa. OptiPlex 755 hukubali hadi gigabaiti 8 kwa jumla. OptiPlex 780 yenye sloti nne hukubali hadi gigabaiti 16. Mashine nyingi zilizoundwa katikati ya miaka ya 2000 hukomea gigabaiti 4, au hata 2. Habari hizi hupatikana katika kitabu cha maelezo ya mashine, ambacho kampuni nyingi huweka kwenye tovuti zao bila malipo. Kinachohitajika ni jina kamili la mashine, ambalo huandikwa kwenye kibandiko mbele, ubavuni au nyuma ya kasha.

Mpaka wa pili umo ndani ya mfumo wa uendeshaji. Mfumo wa biti 32 huweza kuhesabu anwani 4,294,967,296 tu, ambazo ni sawa na gigabaiti 4. Katika Windows ya kawaida ya aina hiyo, sehemu ya anwani hizo hutengewa vifaa vingine kama vile vya kuonyesha picha, hivi kwamba kumbukumbu inayotumika hubaki kati ya gigabaiti 3 na 3.5 hivi. Mwenye mfumo wa biti 32 akinunua gigabaiti 8, zaidi ya nusu itakaa bure. Ama aridhike na 4, ama aweke mfumo wa biti 64 ikiwa prosesa yake inauruhusu.

Mitego ya sokoni

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la vipuri vya mitumba kuna vipande vinavyouzwa kwa bei ya chini mno, na kuna sababu.

Mtego wa kwanza ni kumbukumbu za seva. Vipande hivi vina chipu ya ziada katikati, inayopokea amri kabla ya kuzisambaza kwa chipu nyingine, na vibandiko vyake aghalabu huwa na herufi R mwishoni mwa nambari ya kasi. Vinapokuwa vya kizazi kimoja na vya kawaida, huingia kwenye sloti bila shida, lakini mashine ya mezani haiwaki. Seva nyingi hustaafishwa kila mwaka huko ng'ambo na kumbukumbu zake hutafutiwa soko. Ndiyo maana ni rahisi.

Mtego wa pili ni vipande vya DDR2 vya gigabaiti 4 vilivyoundwa kwa ajili ya mashine zenye prosesa za AMD pekee. Mwenye mashine ya Intel akivipachika hupata skrini nyeusi. Wauzaji waaminifu hutaja jambo hilo waziwazi, wengine hunyamaza.

Mtego wa tatu unahusu idadi ya chipu. Mashine za kwanza kutumia DDR3, kama hiyo OptiPlex 780, hazitambui chipu zenye ujazo mkubwa zilizokuja baadaye. Kipande cha gigabaiti 4 chenye chipu 16, nane kila upande, hukubaliwa. Kile chenye chipu 8 pekee kinaweza kukataliwa kabisa ingawa kibandiko kinasoma vilevile. Mnunuzi akipewa nafasi ya kuchagua, achague chenye chipu nyingi.

Ushauri ulio bora ni mwepesi: atakayefunga safari ya Kisumu achukue kipande kilichomo ndani ya mashine yake, akifunge kwa karatasi safi, na kukiweka juu ya kaunta ya duka. Muuzaji akitoa kingine, vilinganishwe urefu, pengo na maandishi. Asiyetaka kukibeba akipige picha kwa simu, pande zote mbili, pamoja na picha ya ubao mkuu. Kisha akubaliane na muuzaji, kabla ya kulipa, kwamba kipande kitabadilishwa kikikataa. Kuuliza si ujinga.

Kuhusu bei, mwishoni mwa mwaka 2025 kumbukumbu mpya zilipanda bei duniani kote baada ya viwanda kuelekeza nguvu nyingi kwa vituo vikubwa vya data vinavyoendesha programu za akili bandia. Misukosuko ya aina hiyo huwafanya wengi kugeukia vipande vilivyotumika. Kumbukumbu haina sehemu inayozunguka wala kusuguana, hivyo kipande kilichotumika kwa miaka mingi kinaweza kuwa kizima kabisa, mradi kijaribiwe.

Kufunga kwa hatua

Kazi ya kufunga huchukua takriban dakika 15, na kifaa kinachohitajika ni bisibisi moja, au hata hakuna.

Kwanza, kazi zote zihifadhiwe, kompyuta izimwe na waya wa umeme ung'olewe ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi, kwa kuwa mashine nyingi hubaki na umeme kidogo kwenye ubao mkuu maadamu waya umechomekwa. Baada ya kung'oa waya, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili mabaki ya umeme yaishe.

Pili, kasha lilazwe ubavu juu ya meza ya mbao na kufunguliwa. Kabla ya kugusa chochote, fundi aguse chuma kitupu cha kasha. Mwili wa binadamu hukusanya umeme tuli, hasa kwa kusuguana na nguo za nailoni na zulia, na cheche ambayo hata haisikiki kidoleni yaweza kuua chipu. Kugusa chuma huondoa umeme huo. Irudiwe kila baada ya muda mfupi.

Tatu, vumbi liondolewe kwa brashi laini. Vipande vya kumbukumbu huonekana vimesimama wima karibu na prosesa. Kila sloti ina vibanio vidogo, aghalabu pande zote mbili. Vibanio vikisukumwa nje, kipande huinuka chenyewe. Kishikwe kingo, si kwenye pini zake za rangi ya dhahabu.

Nne, kipande kipya kilinganishwe na sloti hadi pengo likutane na kizuizi kilichomo ndani. Kisha kisukumwe chini kwa vidole gumba viwili, kimoja kila mwisho, kwa nguvu sawa, hadi vibanio vijifunge vyenyewe kwa mlio mdogo. Kisipoingia, kitolewe na kutazamwa upya. Nguvu za baharia hazihitajiki hapa.

Ikiwa mashine ina sloti nne, rangi zake zina maana. Mbao kuu nyingi za tangu miaka ya 2000 huweza kusoma vipande viwili kwa wakati mmoja, kama wavuvi wawili wanaovuta wavu mmoja kutoka pande mbili. Ili faida hiyo ipatikane, vipande viwili vya ukubwa sawa hupachikwa katika sloti za jozi, ambazo mara nyingi huwa na rangi moja. Kitabu cha mashine ndicho mwamuzi. Kwa sababu hiyo, vipande viwili vya gigabaiti 2 ni bora kuliko kimoja cha gigabaiti 4.

Mashine ikigoma

Kompyuta ikiwashwa, baadhi ya mashine, zikiwemo nyingi za Dell, hutoa tangazo kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika na kumtaka mtumiaji athibitishe. Hiyo ni habari njema. Nyingine huendelea kimya, na idadi mpya huonekana ndani ya mfumo.

Ikiwa badala yake skrini ni nyeusi na mashine inatoa milio ya kurudiarudia, si wakati wa kutaharuki. Mara nyingi kipande hakikuingia sawasawa. Umeme ukatwe tena, kipande kitolewe na kurudishwa. Katika hewa yenye unyevu wa ziwani, pini huweza kushika kutu hafifu isiyoonekana kwa urahisi. Mafundi huzisugua polepole kwa kifutio safi cha penseli, kisha huondoa mabaki yote ya kifutio kabla ya kurudisha kipande. Shida ikiendelea, kila kipande kijaribiwe peke yake katika sloti ya kwanza. Mashine ikiwaka na kile cha zamani na kugoma na kile kipya, jibu limepatikana: kipande kirudishwe dukani.

Kuwaka si ushahidi wa mwisho. Kipande chenye chembe chache mbovu huweza kufanya kazi siku mbili, kisha kikaharibu barua ya mteja siku ya tatu. Ipo programu isiyolipiwa iitwayo Memtest86+, ambayo huwekwa kwenye flashi na kuendeshwa kabla ya Windows kuanza. Huandika na kusoma kila chembe ya kumbukumbu mara nyingi. Iachwe ifanye kazi usiku kucha ikiwa umeme unaruhusu. Hata kosa moja tu likionekana, kipande hicho hakiaminiki. Hili ni muhimu zaidi kwa maabara ya shule, ambako kompyuta ikizimika katikati ya mtihani wa vitendo, anayeumia ni mtahiniwa.

Panapofikia kikomo

Kuongeza kumbukumbu si tiba ya kila maradhi. Mashine iliyokuwa na gigabaiti 1 ikipewa 4 hupata nafuu ambayo hata mteja huitambua. Iliyokuwa na 8 ikipewa 16, mwenye saiba anayeandika barua na kujaza fomu hataona tofauti yoyote. Huyo afadhali fedha zake anunue diski isiyozunguka, ambayo hujibu haraka mara nyingi zaidi kuliko ile ya zamani.

Aidha, kuna suala la usalama. Kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hudai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, lakini pia hudai prosesa na chipu ya usalama ambazo mashine za kabla ya takriban mwaka 2017 hazina. Hakuna kiasi cha kumbukumbu kitakachoibadilisha mashine ya mwaka 2009 ikidhi masharti hayo. Njia iliyo wazi kwa mwenye mashine kama hiyo ni mifumo ya Linux iliyo myepesi, isiyolipiwa na inayoendelea kupokea masahihisho ya usalama. Hiyo hutosha kwa barua, hesabu na huduma nyingi za mtandaoni, na gigabaiti 4 huiwezesha kufanya kazi kwa utulivu.

Kinachoponywa kwa kipande kimoja cha kumbukumbu ni zaidi ya mfuko wa mwenye saiba. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 ilisema kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na kwamba asilimia 22.3 pekee ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa inavyostahili. Nchini Kenya, sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inawataka watengenezaji na waagizaji wa bidhaa wawajibike hata baada ya bidhaa zao kuchakaa. Kompyuta zina risasi na metali nyingine zenye sumu, na kasha lililotupwa ufuoni husombwa na mvua hadi ziwani wanakovuliwa samaki wale wale wanaolisha mji.

Vipande vya zamani vilivyotolewa visitupwe. Akiba haiozi: vifungwe kwa karatasi, viandikwe aina na ukubwa, na kuwekwa mahali pakavu. Kompyuta nyingine ya kizazi kile kile ikilemewa, huenda dawa yake ikawa tayari kwenye droo, bila mtu kupanda matatu hadi Kisumu.